Mwambao Mmoja, Nchi Mbili: Kupima Maisha ya Kigoma na ya Burundi

Mkoa wa Kigoma una nchi kavu ya kilomita za mraba zipatazo 37,000. Burundi nzima, ukijumlisha na kipande chake cha Ziwa Tanganyika, ni kilomita za mraba 27,834. Sensa ya 2022 ilitukuta mkoani tuko watu 2,470,967. Sensa ya Burundi ya 2024 ilihesabu watu zaidi ya milioni 12. Anayetaka kulinganisha maisha ya Tanzania na ya Burundi aanzie hapo, kabla hajagusa dola, shule wala hospitali. Sehemu kubwa ya neema tunayojivunia upande huu inatokana na nafasi ambayo jirani yetu hana.

Swali lenyewe huulizwa sana hapa Ujiji, na si kwa udadisi tu. Koo nyingi za mji huu zina ndugu Nyanza-Lac, Rumonge na Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura. Bujumbura iko chini ya kilomita 200 kwa njia ya maji. Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,250 kwa reli. Kiha cha Kigoma na Kirundi vinasikilizana bila mkalimani. Kahawa inayolimwa Kalinzi inalimwa pia kwenye vilima vya Burundi, michikichi ya Rumonge ni ileile ya Kigoma, na dagaa wanaovuliwa usiku hawajui mpaka. Kinachotofautiana ni serikali na historia. Ndiyo maana ulinganisho unaofanywa kwenye mwambao huu unafundisha zaidi kuliko ule wa kuipima Tanzania na nchi ya mbali isiyofanana nayo kwa lolote.

Takwimu za jumla zinatoa jibu la haraka. Benki ya Dunia inakadiria kuwa pato la mtu mmoja kwa mwaka nchini Burundi halifiki dola 300, na kwa Tanzania ni karibu dola 1,200. Mwaka 2020 Tanzania ilipandishwa kuingia kundi la nchi za kipato cha kati cha chini. Burundi imekaa miaka mingi mkiani kabisa mwa dunia. Katika fahirisi ya maendeleo ya binadamu ya Umoja wa Mataifa, inayochanganya afya, elimu na kipato, Tanzania ilipata 0.532 kwa mwaka 2022 na kushika nafasi ya 167. Burundi ilipata 0.420, nafasi ya 187. Umeme Burundi unamfikia takriban mtu mmoja kati ya kumi. Huku kwetu wenye umeme wanakaribia nusu. Ukiishia hapo, utasema kesi imekwisha.

Haijaisha, kwa sababu Tanzania ya kwenye takwimu si Kigoma. Utafiti wa bajeti ya kaya wa 2011/12 uliitaja Kigoma kuwa mkoa wenye umaskini mkubwa kuliko mikoa yote ya Bara: karibu nusu ya wakazi wake walikuwa chini ya mstari wa umaskini. Umeme wa gridi ya taifa ulianza kutufikia mwaka 2022. Kabla ya hapo mji uliishi kwa majenereta ya dizeli, na yalipozimika kila fundi wa kuchomelea na kila kinyozi alikaa mlangoni akisubiri. Barabara ya lami ya kutuunganisha na Tabora imejengwa kipande kwa kipande kwa miaka mingi, na kabla ya Daraja la Kikwete mto Malagarasi ulikuwa ndio unaoamua msafiri apite lini. Kwa hiyo dola 1,200 za Mtanzania wa wastani zimebeba ndani yake Dar es Salaam, dhahabu ya Geita na hoteli za Arusha. Mwanamke anayekausha dagaa Katonga hana hata chembe yake.

Wastani hudanganya pia upande wa kinyume. Chukua udumavu, yaani watoto wa chini ya miaka mitano walio wafupi kuliko umri wao kwa sababu ya lishe duni ya muda mrefu. Burundi ni kati ya nchi zinazoongoza duniani kwa tatizo hili: uchunguzi wa afya wa 2016/17 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto, asilimia 56, wamedumaa. Tanzania katika uchunguzi wa 2022 ilikuwa asilimia 30. Tofauti kubwa. Lakini katika uchunguzi huohuo wa 2022, mkoa wa Iringa, ghala la mahindi la nchi, ulikuwa na takriban asilimia 57. Tuna Burundi yetu ndani ya mipaka yetu, tena mahali ambapo chakula kinazalishwa kwa wingi. Mtoto hadumai kwa kukosa ugali peke yake. Hudumaa pia kwa kula ugali mtupu, kwa kuachwa mikononi mwa dada mdogo wakati mama yuko shambani tangu alfajiri, kwa kuhara mara kwa mara kwa sababu ya maji machafu. Pato la taifa peke yake haliondoi lolote kati ya hayo.

Wazee wa hapa wanakumbuka pia wakati ambapo mizani ililalia upande mwingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 maduka yetu yalikuwa matupu. Sabuni, sukari, mafuta ya kula, dawa ya meno, vitambaa, vyote vilipatikana kwa foleni, kwa kibali au kwa magendo. Vita ya Uganda ilikuwa imekausha hazina, bei ya mafuta ya petroli ilikuwa imepanda, na mashirika ya umma yalishindwa kuzalisha. Mwaka 1983 serikali ilianzisha msako wa wahujumu uchumi, na sabuni chache zilizofichwa chini ya kitanda zikawa kosa la kumfikisha mtu mahakamani. Wakati huo Bujumbura ilikuwa na maduka yaliyojaa na barabara za lami, na faranga yake ilikuwa fedha ya kuaminika. Aliyetaka kanga nzuri kwa harusi alimtuma mtu kwa boti. Mtu angeuliza mwaka 1983 nani anaishi vizuri zaidi kati ya Ujiji na Bujumbura, asingepata mabishano.

Ninaikumbusha historia hiyo kwa sababu wapo wanaoongea kana kwamba Warundi ni maskini kwa asili. Miaka 40 imetosha kugeuza kila kitu. Tanzania ilibadili sera kuanzia 1986, ikafungua biashara, na ikapata bahati ya kutoingia vitani ndani ya mipaka yake. Burundi ikaingia vitani Oktoba 1993, Melchior Ndadaye alipouawa na wanajeshi miezi michache baada ya kuchaguliwa rais, na ikakaa humo zaidi ya miaka kumi. Makubaliano ya Arusha ya Agosti 2000, yaliyosukumwa na Mwalimu Nyerere hadi kifo chake na kukamilishwa na Nelson Mandela, yalifungua njia ya kutoka, lakini wakati huo uchumi ulikuwa umeshavunjika.

Sasa turudi kwenye ardhi, maana ndiyo kiini. Fikiria kaya mbili za wakulima, moja Kalinzi na nyingine kwenye vilima vya Makamba, mpakani kabisa. Zote zina watoto watano au sita, zote zinalima migomba, maharage, mihogo na kahawa kidogo. Kaya ya Kalinzi inaweza kuwa na ekari tatu, na ardhi ikichoka au kijana akitaka kuoa, bado upo uwezekano wa kwenda kuomba shamba maeneo ya Uvinza au ya mabondeni. Uwezekano huo unapungua mwaka hadi mwaka, na migogoro ya wakulima na wafugaji inaonyesha hivyo, lakini upo. Kaya ya Makamba ina kipande kisichofika ekari moja na robo, kilichogawanywa kutoka kwa babu kwenda kwa baba, na sasa kinasubiri kugawanywa tena kwa wana. Hakuna mahali pa kwenda. Shamba halipumzishwi, mmomonyoko unachukua udongo kila masika, na mbolea inanunuliwa kwa fedha ambayo haipo. Mavuno yakiisha kabla ya msimu, mtu anashika jembe anavuka kuja Buhigwe, Kasulu au Kibondo kutafuta kibarua.

Wanawake wa kaya hizi mbili nao hawako sawa. Sheria zetu za ardhi za 1999 zinampa mwanamke haki sawa ya kumiliki ardhi, na hata kama mila bado inamsumbua, ana karatasi ya kusimama nayo mbele ya baraza. Burundi haina sheria ya mirathi. Mila ndiyo inayoamua, na mila inawapa ardhi wanaume. Kila mwaka ambao sheria hiyo haipitishwi, kuna binti anayetolewa kwenye shamba la baba yake na kaka zake, na hana pa kulalamikia.

Hapa pia ndipo ilipo tofauti ya makazi. Waha walihamishwa kwa nguvu kuingia vijijini katika Operesheni Kigoma, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Lilikuwa jambo chungu. Watu waliacha migomba yao na makaburi ya wazee wao. Lakini matokeo yake shule, zahanati na kisima viliweza kuwekwa mahali ambapo watu wako. Burundi watu wanaishi wametawanyika vilimani, kila kaya katikati ya migomba yake, na mtoto mgonjwa hubebwa mgongoni kushuka na kupanda. Sitetei namna operesheni ile ilivyofanywa. Nasema tu kwamba ukiona kijiji chetu kina shule kando ya barabara, ujue kuna gharama iliyolipwa na watu ambao hawakuulizwa.

Baada ya hayo yote mtu angetarajia kwamba katika huduma za jamii Burundi iko nyuma kwa kila kipimo. Haiko hivyo, na hili ndilo fundisho kubwa kwetu.

Mwaka 2005 serikali ya Pierre Nkurunziza ilifuta ada ya shule za msingi. Mei 2006 ikatangaza kwamba kujifungua na matibabu ya watoto wa chini ya miaka mitano ni bure. Madarasa yalifurika, wauguzi walizidiwa, dawa ziliisha. Lakini hawakurudi nyuma: kuanzia 2010, kwa msaada wa wafadhili, vituo vya afya nchi nzima vilianza kulipwa kwa idadi na ubora wa huduma vilizotoa, kila mama aliyejifungulia kituoni akihesabiwa. Matokeo yalionekana. Uchunguzi wa Burundi wa 2016/17 ulikuta asilimia 84 ya watoto wanazaliwa kwenye vituo vya afya. Uchunguzi wetu wa 2015/16 ulikuta asilimia 63. Watoto waliopata chanjo zote za msingi walikuwa takriban asilimia 85 kwao, 75 kwetu. Vifo vya kina mama vilikadiriwa kuwa 334 kwa kila vizazi hai 100,000 Burundi, na Tanzania 556. Nchi yenye robo ya pato letu, iliyotoka vitani juzi, ilikuwa inawalinda wazazi wake kuliko sisi.

Tangu hapo tumepiga hatua. Uchunguzi wa 2022 uliweka vifo vya kina mama kuwa 104 kwa vizazi 100,000, vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vikashuka kutoka 67 hadi 43 kwa vizazi 1,000, na wanaojifungulia vituoni wakafika asilimia 81. Hata hapa Kigoma tuna ushahidi wa nini hufanya kazi: mradi wa Thamini Uhai, kwa fedha za Bloomberg na wengine, ulipeleka upasuaji wa uzazi kwenye vituo vya afya vya vijijini badala ya kuwaachia kina mama safari ya kwenda hospitali ya wilaya, na ukafundisha matabibu wasio madaktari kuufanya. Uhai wa mama uliokolewa na chumba cha upasuaji kilichokaribia kijiji chake, na hicho ni kitu ambacho hata nchi maskini inaweza kukiamua.

Lakini tusijidanganye kuhusu neno bure. Kwa sera yetu, mjamzito na mtoto mdogo hawalipi kwenye kituo cha serikali. Kwa maisha halisi, mama anayekaribia siku zake anajua orodha kwa moyo: beseni, mpira wa kutandika kitandani, glavu, pamba, wembe, uzi wa kufungia kitovu, kanga safi, na fedha kidogo ya bodaboda kama uchungu utamshika usiku. Asiyekuwa navyo anaona aibu kwenda, na aibu hiyo imeua watu. Kwenye maji nako hatuna cha kumcheka jirani: makadirio ya WHO na UNICEF yanaziweka nchi zote mbili karibu sawa, watu kama 6 kati ya 10 wanaopata maji ya uhakika kiasi. Kuishi ukingoni mwa ziwa lenye kina cha karibu mita 1,470 na bado kununua maji kwa dumu ni jambo ambalo Ujiji na Rumonge wanalijua sawasawa. Na maambukizi ya virusi vya Ukimwi kwa watu wazima Burundi ni kama asilimia 1. Kwetu yanazidi asilimia 4.

Kinachomuumiza Mrundi wa leo zaidi ya yote, kwa maoni yangu, ni fedha yake. Mei 2023 Benki Kuu ya Burundi ilishusha thamani ya faranga, dola ikaruka kutoka karibu faranga 2,100 hadi karibu 2,800. Nje ya benki iliendelea kupanda hadi ikazidi mara mbili ya bei hiyo. Mfumuko wa bei wa mwaka huo ulifika kama asilimia 27. Wetu haukufika 4. Nchi isiyokuwa na dola haina petroli, na petroli ilianza kuadimika tangu 2021, ikawa balaa mwaka 2024: magari yanalala vituoni siku kadhaa, watu wa Bujumbura wanatembea kwa miguu masafa ambayo zamani walipanda basi, na bei ya nyanya inapanda kwa sababu gari la kuzileta halina mafuta.

Ukisimama Kibirizi asubuhi, boti zinapopakia, utaiona hali hiyo kwa macho. Mizigo inayokwenda kaskazini ni ya viwandani: magunia ya saruji, sabuni, ndoo za plastiki, unga, soda. Inayorudi ni mawese kwenye madumu ya njano na mizigo myepesi ya mikononi. Miaka 40 iliyopita mzigo huo ulikuwa unakwenda kinyume. Mfanyabiashara wa Rumonge anayekuja kununua hapa anahesabu mara tatu: faranga kwenda dola, dola kwenda shilingi, na kisha anakisia faranga itakuwa imeshuka kiasi gani siku atakayouza. Wa Kigoma anahesabu mara moja. Tofauti hiyo ndogo ya hesabu ni tofauti kubwa ya maisha, kwa sababu mtu asiyejua fedha yake itanunua nini mwezi ujao hawezi kuweka akiba wala kumkopesha jirani.

Hapo tunaingia kwenye kitu ambacho fahirisi haziwezi kukipima vizuri: uwezo wa mtu kupanga maisha yake. Mchikichi unachukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa vizuri, na ukishaanza unamlisha mtu miongo. Kule Rumonge, wengi waliopanda michikichi walikimbia mauaji ya 1972. Waliporudi baada ya miaka 30 na zaidi walikuta mashamba yana wenyewe wapya, wengine wamegawiwa na serikali yenyewe, na tume iliyoundwa mwaka 2006 kusuluhisha migogoro hiyo ilizidiwa na kesi. Mtu aliyewahi kuacha miti yake namna hiyo hupanda mihogo, maana mihogo haimfungi mahali. Umaskini wa Burundi una mizizi kwenye hofu hiyo, na hofu imekuwa na sababu: 1972, 1993, kisha 2015.

Mwaka 2015 tuliuona ukweli huo kwenye mchanga wetu. Rais Nkurunziza alipoamua kugombea muhula wa tatu, makumi ya maelfu ya watu walishuka milimani wakaangukia Kagunga, kijiji cha wavuvi kilichobanwa kati ya mlima na maji, bila barabara ya gari. Kipindupindu kikaingia, watu wakafa. MV Liemba, meli iliyoundwa na Wajerumani na kuzinduliwa hapa mwaka 1915, ikafanya safari za kwenda na kurudi kuwaleta Kigoma mjini, wakapokelewa Uwanja wa Lake Tanganyika kabla ya kupelekwa kambi ya Nyarugusu, na baadaye za Nduta na Mtendeli. Waliofika walikuwa na godoro na sufuria, na wengine walikuwa na hati za elimu ndani ya mfuko wa plastiki. Ukimwona mtu anaacha nyumba na kubeba vyeti, unajua amepoteza matumaini ya kurudi karibuni.

Watu hupiga kura kwa miguu, lakini kura hiyo nayo haisomeki kirahisi. Tangu Septemba 2017 zaidi ya Warundi 100,000 wamerudishwa kwao kupitia mpango wa kurejea kwa hiari. Wengine walirudi kwa sababu walitamani vilima vyao. Wengine walirudi kwa sababu kambini maisha yalibanwa: masoko ya pamoja yalifungwa, kutoka nje ya kambi bila kibali ni kosa, mgao wa chakula ulipunguzwa. Mtendeli ilifungwa Desemba 2021. Siwezi kuhesabu kurejea kwa namna hiyo kama ushahidi kwamba Burundi imekuwa bora, wala kubaki kwao kama ushahidi kwamba kambi ni mahali pa kuishi. Tanzania ilikwisha kuonyesha njia nyingine: waliokimbia 1972 walipewa ardhi Ulyankulu, Katumba na Mishamo, wakalima hadi wakajilisha, na zaidi ya 160,000 wakapewa uraia kwa tangazo la 2010 na vyeti mwaka 2014. Katika Afrika ni wachache waliofanya jambo kubwa kama lile. Na isisahaulike kwamba mwaka 2025 Burundi, pamoja na foleni zake za petroli, ilipokea makumi ya maelfu ya Wakongo waliovuka mto Rusizi wakikimbia vita vya Kivu.

Amani, basi, ndiyo mali kubwa ya upande huu. Nimeamini hivyo maisha yangu yote na naamini bado. Ila baada ya uchaguzi wa 29 Oktoba 2025, ambapo waandamanaji waliuawa, intaneti ikazimwa nchi nzima na Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku, hatuna ruhusa ya kuongea juu ya amani kama kitu tulichozaliwa nacho. Burundi ya 1992 nayo ilikuwa inaandaa katiba na vyama vingi, na watu walijenga nyumba za ghorofa Bujumbura.

Kuna jambo jingine linalowagusa Waha na Wamanyema wa Kigoma na ambalo haliandikwi kwenye ripoti za maendeleo. Mtu wa hapa akienda kuomba kitambulisho cha taifa au hati ya kusafiria, huulizwa maswali ambayo Mchaga au Mzaramo haulizwi: babu yako amezikwa wapi, kijiji cha mama yako kilikuwa na mwenyekiti gani. Kwa sababu lugha inafanana na ya ng'ambo ya mpaka na majina yanafanana, uraia wake hutiliwa shaka. Bila kitambulisho hapati laini ya simu kwa jina lake, mkopo wa elimu ya juu unakuwa tabu, kazi ya serikali haifiki. Ubora wa maisha ni pamoja na kutambuliwa na nchi yako. Kwa hili Mrundi aliyeko Makamba yuko huru kuliko Mha aliyeko Manyovu, maana hakuna anayemuuliza yeye ni wa wapi.

Na ziwa linatupiga sote kwa mkono mmoja. Maji yalipopanda kuanzia 2020, Gatumba kando ya Bujumbura iligeuka bwawa na maelfu wakahama. Kwetu maji yalimeza nyumba na mialo. Samaki walipopungua, nchi zinazolimiliki ziwa zilikubaliana kulipumzisha, na mwaka 2024 Tanzania ikafunga uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti. Mvuvi wa Ujiji aliyekaa miezi mitatu bila kipato anastahili kujua kama mwenzake wa Rumonge alikaa pia. Mamlaka ya Ziwa Tanganyika ina makao yake Bujumbura. Jibu hilo litoke kwao, hadharani.

Hukumu yangu ni hii. Maisha ni bora upande huu, na si kwa kidogo. Yamekuwa bora kwa sababu ya ardhi, fedha inayotulia na miaka mingi bila vita, na yote matatu yanaweza kutuponyoka: ardhi inajazwa na watoto tunaozaa, fedha inategemea serikali yenye nidhamu, amani inategemea haki. Pale ambapo jambo lilikuwa la serikali kuamua tu, uzazi, chanjo, mlango wa darasa la kwanza, jirani maskini alitufikia na mara nyingine akatupita. Hatuwezi tena kusema huduma ni mbovu kwa sababu nchi ni maskini.

Mwanzoni mwa 2025 ulisainiwa mkataba wa kujenga reli kutoka Uvinza hadi Musongati. Ikikamilika, Kigoma itakuwa njiani badala ya kuwa mwisho wa njia, na Mrundi atafika bandarini Dar es Salaam kwa bei ambayo lori haliwezi kumpa. Reli hiyo isitupite tukiwa tumekaa. Madiwani wa Kigoma-Ujiji, wabunge wa mkoa huu na wote tunaowapigia kura: daini takwimu za Kigoma peke yake, kata kwa kata, za udumavu, maji na uzazi, ziwekwe pembeni mwa zile za Makamba na Rumonge, na zisomwe kwenye mikutano ya hadhara kila mwaka. Daini masoko ya pamoja karibu na kambi yafunguliwe. Daini mjamzito asiulizwe beseni. Na Mrundi aliyelima shamba lako alipwe ujira wake wote kabla ya kurudi kwao.